Nafasi ya Gari Moja

Shangazi yangu alitaka vitu viwili kwenye kiwanja kimoja. Alitaka hoteli, na alitaka siku yake ikifika azikwe kando ya mume wake. Kiwanja chenyewe kiko njia ya kwenda Kasumulu mpakani, ukishatoka kidogo Kyela mjini. Ni chembamba na kirefu. Mbele kuna barabara ya lami, nyuma kuna migomba na mfereji ambao mvua zikichanganya hufurika mpaka vyura wanahamia jikoni. Mume wake, aliyekuwa na fuso la kubeba mchele, alizikwa hapohapo nyumbani kama tunavyozika sisi, kati ya nyumba na migomba. Kaburi likajengewa vigae vyeupe. Upande wa kushoto pakaachwa wazi, na hakuna aliyeuliza pameachiwa nani.

Mimi ni binti wa kaka yake. Nilikuwa naishi Mbeya, nauza vipuri vya magari kwenye duka la mtu, na kila sikukuu nilishuka Kyela kulala kwa shangazi. Chumba changu kilikuwa cha pembeni, chenye dirisha lililogoma kufunga. Sikuwahi kupiga hodi pale, na nisingejua nianzeje. Watoto wake wa kuwazaa wako Dar es Salaam, wanapiga simu kila Jumapili baada ya ibada na wanakuja kwa nadra.

Wazo la hoteli lilimjia taratibu. Mbele ya kiwanja alikuwa na mabanda ya mabati aliyopangisha, fundi cherehani, muuza dawa za mifugo, kijana wa kutuma pesa. Akiwa amekaa kibarazani alikuwa anawaona wapitaji. Kulikuwa na madereva waliokwama mpakani kusubiri karatasi za forodha, wanunuzi wa mchele wakati wa mavuno, wanunuzi wa kakao, maofisa wanaoletwa semina, na Wazungu ambao walikuwa wanapita bila hata kusimama, moja kwa moja hadi ufukweni Matema kwenye mchanga wao.

"Hawa wote wanalala wapi?" aliniuliza siku moja.

Nilimwambia wanalala gesti. Akaniuliza gesti gani, nikamtajia, akakunja uso kwa sababu alizijua zote na alijua mbu wake.

Hakuwa mtu wa kukurupuka. Alitafuta mtaalamu, akamleta kutoka Dar es Salaam ili afanye kitu kinachoitwa upembuzi yakinifu. Benki haikutoa mkopo wa ghorofa bila hicho. Mtaalamu alikuwa kijana mwembamba, mpole, mwenye miwani, na siku ya kwanza alishuka na begi lake akauliza gesti ya karibu iko wapi. Shangazi alikasirika kweli. Sitanii, nilimwona akibadilika.

"Nina nyumba, halafu wewe ulale gesti? Watu waseme nini?"

Akapewa chumba changu. Mimi nilikuwa nimeomba likizo kwa ajili ya shughuli ile, nikalala na shangazi. Kijana alikaa muda wote wa kazi yake, akala ndizi za kupika na mbasa, samaki wa ziwani, wa kukaanga mchana na jioni, na suruali zilianza kumbana kiunoni.

Mezani alitufafanulia. Alisema jengo la matumizi mchanganyiko lina maana yake. Chini kuna maduka, na maduka yanaleta kodi hata mvua ikinyesha mwezi mzima. Katikati kuna ukumbi wa harusi na semina. Juu kuna vyumba vya hoteli, navyo ndivyo vyenye faida kubwa, lakini ndivyo vinavyochelewa kujulikana. Hoteli ikijengwa peke yake inaweza kufa kabla wateja hawajaizoea. Ikiwa juu ya maduka inaweza kusubiri, kwa kuwa maduka yanailisha. Tatizo ni kwamba benki haisubiri sana kama hoteli inavyotaka kusubiriwa. Baada ya kipindi cha nafuu, ambacho mkopo haulipwi, vyumba lazima vibebe sehemu kubwa ya marejesho. Visipojaa angalau nusu, maduka hayawezi kuvibeba, na hapo dhamana inauzwa.

"Dhamana ndiyo nini?" shangazi aliuliza, ingawa alijua.

"Kiwanja, mama."

"Chote?"

"Chote. Hati ni moja."

Alitazama dirishani, kule vigae vinakoonekana, kisha akamwongezea kijana mboga. Tulikuwa watu watatu tunajadili nani atalala hotelini Kyela na kwa bei gani, na mgeni pekee aliyekuwa mezani alikuwa analala bure kwenye kitanda changu. Hakuna aliyeliona hilo. Tulikuwa tumeinamia makaratasi.

Kisha tukaenda kuuliza watu. Mtaalamu alitaka kujua wananchi na ndugu zao wa mbali wangetumia hoteli kama ingekuwepo, hasa kwenye harusi na misiba, maana huku kwetu msiba unaweza kushusha mabasi mazima kutoka mikoani. Mimi nilikuwa mkalimani kwa wazee. Tulikwenda hadi Busale, tukapita kwenye majaruba ya mpunga, tukapokewa kila nyumba kwa viti na maji ya kunywa. Kijana aliuliza swali lake kwa utaratibu: ikijengwa hoteli nzuri, safi, yenye vyandarua na feni, je, wageni wenu watalala huko?

Kila mtu alisema ndiyo. Mzee mmoja alisema ndiyo akisimama kabisa. Mama mmoja aliyekuwa anapepeta mchele alisema, "Ndaga fijo," yaani asante sana, "tutakuja sana," akatubebesha mkungu wa ndizi. Sikumbuki aliyesema hapana. Nani angesema hapana? Mtu amekuja kwako na karatasi, anakueleza kuhusu kitu ambacho mama fulani mnayesali naye anataka kujenga, halafu umwambie usoni kwamba hakitakufaa? Huku ukionyeshwa mtoto mchanga unasema ni mzuri, na ukionyeshwa hoteli isiyokuwepo unasema utalala.

Jioni nilimwambia kijana kwamba zile ndiyo zilikuwa za adabu. Alivua miwani akaifuta.

"Dada, mimi naandika nilichojibiwa. Siwezi kuandika adabu."

Nilimwambia shangazi pia. Alisema ndiyo ni ndiyo, na watu wale wote anawafahamu. Hilo la pili lilikuwa kweli, na baadaye ndilo lililotusumbua.

Kilichobaki kilikuwa michoro. Benki ilitaka maegesho, kwa sababu hoteli isiyo na pa kuweka gari ni gesti tu yenye ngazi. Kijana alipima akapindua kiwanja kila namna. Kaburi hakuligusa. Kwenye mchoro alilizungushia maua akaliandika "bustani". Lakini palipo wazi upande wa kushoto wa kaburi alipachora kama nafasi ya gari, kwani bila ile nafasi idadi ilikuwa pungufu na benki ingerudisha maombi.

Shangazi aliutazama mchoro kwa muda. Akatoka nje, sisi nyuma yake. Alitandika kanga kando ya vigae akalala chali, miguu imenyooka, mikono ubavuni, mchana kweupe huku fundi cherehani akichungulia. Kijana aligeuka akatazama migomba. Mimi nilitaka kumwinua na nikashindwa kumsogelea.

"Hapa zinaingia gari ngapi?" aliuliza akiwa chini vilevile.

"Moja, mama."

"Basi liandike. Ila halitaegeshwa."

Akainuka, akakung'uta kanga, akaenda kuangalia sufuria.

Mkopo ulitoka. Mabanda yalivunjwa, likapanda ghorofa. Sitaeleza ujenzi, kila aliyejenga anajua ulivyo. Lilipokwisha lilikuwa jengo la kupendeza kusema ukweli. Fundi cherehani na muuza dawa walirudi chini kwenye maduka yenye vioo, likaja na duka la vifaa vya ujenzi. Ukumbi ulianza kupata harusi. Kwenye mapokezi shangazi alipanga vyungu alivyovifuata mwenyewe kwa Wakisi, wafinyanzi wa ziwani, kila kimoja akikigonga kwa kidole kusikia kama kina ufa. Nyuma ilibaki nyumba yake ya zamani, na kaburi, na uwanja wa pevingi uliochorwa mistari myeupe. Mstari mmoja ulipita kando kabisa ya vigae.

Dereva akitaka kuweka gari pale, shangazi aliinua mkono.

"Hapo pana mtu."

Walidhani pamewekewa mteja, wakasogea.

Hoteli ilifunguliwa kwa maombi, pilau na kwaya. Tukasubiri wageni, na wageni wakaja, hilo niliseme wazi. Kilichotuangusha kilikuwa kosa la kipekee, na sidhani kama lingetokea mahali ambapo mwenye hoteli hamjui mtu. Shangazi alipenda kukaa mapokezi. Mgeni akiingia na begi, binti wa mapokezi akiandaa ufunguo, yeye alikuwa ameshaanza kumsalimu kwa lugha yetu.

"Mugonile. Umetokea wapi, mwanangu?"

"Tunduma, mama."

"Kwenu hasa ni wapi?"

Mgeni akitaja kijiji chake, basi amekwisha. Shangazi alitafuta mpaka akapata. Alisoma na mama wa mgeni, au babu wa mgeni alimuuzia marehemu fuso, au walibatizwa siku moja, au dada yake ameolewa kwa majirani. Kwenye wilaya kama yetu ukikosa undugu ujue hujauliza vya kutosha. Akishaupata, uso wake ulibadilika, na begi la mgeni lilikuwa tayari limebebwa.

"Mtoto wa fulani utalalaje hotelini kama mtu asiye na kwao? Twende nyumbani."

Nyumbani maana yake ile nyumba ya nyuma. Nilishuhudia watu wakilala sebuleni kwenye magodoro, wanunuzi wa kakao wenye pesa zao mfukoni, wakila ndizi bure, na juu yao vyumba vyenye shuka nyeupe na feni zisizowashwa. Misiba ilikuwa hivyo hivyo. Mabasi yalishuka kama kijana alivyoandika, lakini waombolezaji hulala msibani chini pamoja, na hakuna aliyethubutu kuinuka kwenda kulala kitandani. Wale waliotujibu ndiyo majarubani hawakutudanganya kwa nia mbaya. Wageni wao walilala nyumbani kwa wenyeji wao. Waliobaki kulipa ni madereva wa mbali na maofisa wa semina, na hao hawakutosha.

Kipindi cha nafuu kikaisha. Kodi ya maduka ikawa inakwenda yote benki na bado haitoshi. Ofisa wa benki alikuja nikiwepo, mtu mzima mwenye heshima, akakataa soda akakubali maji. Alizunguka jengo, akapanda juu, akashuka, akafika nyuma akasimama penye mstari mweupe. Alisema jengo ni zuri na maduka ni mazuri, vyenye matatizo ni vyumba, na kwamba mambo yakiendelea vile hawatakuwa na njia ila kuuza. Shangazi alimuuliza kama wanaweza kuuza mbele wakaacha nyuma. Alijibu hati ni moja.

"Na hili kaburi?"

"Kaburi litafuata utaratibu wake, mama. Mabaki yanahamishwa kwa heshima."

Alisema kwa sauti ya chini, na naamini alikuwa anasikitika. Shangazi alimshukuru kwa kuja. Gari lake lilipoondoka alibaki amesimama palepale, na nilimwona kwa mara ya kwanza kuwa mzee. Niliogopa. Nilizoea kumwona akiamua mambo.

Siku iliyofuata tulikuwa tunamenya ndizi kibarazani. Kutoka ndani tulisikia watu wawili wakicheka, wageni wa kutoka Mbozi aliowahamisha kutoka mapokezi asubuhi ile.

"Shangazi," nilimwambia, "kila unayemtoa kule juu ukamlaza humu ndani, unajitoa wewe pale." Nikaonyesha kwa kisu upande wa kushoto wa kaburi.

Aliendelea kumenya.

"Kwa hiyo mtoto wa mtu nimwambie alipe ili alale?"

"Ndiyo."

"Hata wa kwetu?"

"Hasa wa kwetu. Wilaya nzima ni ya kwetu."

Alitupa ganda kwenye beseni. "Nimekusikia," alisema. Nikadhani ni zile ndiyo za majarubani, nikachukua ndizi nyingine.

Nilirudi Pasaka. Nilishuka stendi na kiroba cha viazi vya Mbeya kama kawaida yangu, nikachukua bodaboda, nikazunguka jengo kuelekea nyuma. Mlango wa nyumba ulikuwa umefungwa kwa kufuli. Nikarudi mbele. Shangazi alikuwa mapokezi, amevaa viatu vya kanisani, na mapokezi palikuwa na watu. Wawili niliwafahamu kwa sura, ni wa Ipinda, wa ukoo wa mume wake. Wengine walikuwa wamekalia mabegi yao wanasubiri kuulizwa kwao ni wapi, maana habari za shangazi zilikuwa zimeshasambaa mpaka mpakani.

"Karibu," aliniambia.

Nilitua kiroba. Binti wa mapokezi alikuwa anatazama meza.

"Viazi viache hapo, nitavipeleka jikoni. Utapenda chumba cha mbele au cha nyuma?"

Nilicheka. Alikuwa hacheki.

"Cha nyuma kina utulivu," alisema. "Unalipa sasa au kesho?"

Nilihisi uso unawaka. Wale wa Ipinda walikuwa wanatazama mara yeye, mara mimi. Kila mmoja pale alijua mimi ni nani. Nilifungua pochi nikalipa. Alipokea kwa mikono miwili kama unavyopokea kwa mtu usiyemzoea, akasema, "Ndaga fijo," akanipa ufunguo. Kisha akawageukia wale wa Ipinda.

"Na ninyi, cha mbele au cha nyuma?"

Wakalipa. Wangesema nini? Aliyemtoza binti wa kaka yake hawezi kulaumiwa na shemeji. Nilipokuwa napanda ngazi nilimsikia akiwapokea wengine, na hakumuuliza hata mmoja kwao ni wapi. Nilimwelewa vizuri. Alihitaji mtu wa kuanza naye, mtu wa karibu kiasi kwamba baada yake hakuna ambaye angeweza kulalamika, na wanawe walikuwa Dar es Salaam. Kuelewa hakukunisaidia. Nilikuwa na hasira naye, hasira ya mtoto aliyefungiwa nje.

Chumba kilikuwa kizuri. Shuka zilinyooshwa, taulo limekunjwa, na mezani kulikuwa na chungu kidogo cha Wakisi chenye ua la plastiki. Dirisha lilifunga vizuri sana. Kupitia hilo niliiona nyumba ya nyuma, na lile dirisha langu la pembeni likiwa wazi nusu kama siku zote.

Jua lilikuwa linashuka. Shangazi alitokea na ufagio, amevua viatu, akafagia juu ya kaburi, kisha akafagia ile nafasi, taratibu, mpaka kwenye mstari mweupe. Pikapu moja iliingia ikaanza kurudi nyuma kuelekea pale. Akainua mkono. Sikumsikia kupitia kioo, lakini nilijua anachosema. Pikapu ikasogea. Yeye akaegemea ufagio akainua uso akatazama juu, dirisha kwa dirisha, taa zilizowaka, mpaka akafika langu. Alinitazama kidogo tu akaendelea na dirisha lililofuata.

Nililia, na sikujua vizuri namlilia nani. Chakula nilikula chini mgahawani, ndizi na mbasa, nikalipa.

Asubuhi niliacha ufunguo mapokezi. Aliupokea, akautundika mahali pake, akaniambia, "Karibu tena," kwa Kiswahili, yeye ambaye tangu nizaliwe aliniaga kwa lugha yetu.

Ofisa wa benki alikuja tena mara moja tu, nilielezwa, akapanda juu, akakuta vyumba vina watu, akashuka, akaaga bila kufika nyuma. Mimi nilirudi Krismasi na kiroba changu cha viazi. Nilipewa chumba kilekile, na nikalipa kabla hajaniuliza.